Kidato cha meV 5: jinsi mkondo ulivyoitikisa molekuli moja ya C60

Kwenye grafu ya mkondo na volteji palikuwa na kidato kimoja cha ziada. Volteji ilipopandishwa polepole, mkondo ulikaa karibu na sifuri, ukaruka, ukatulia kidogo, kisha ukaruka tena. Mruko wa kwanza haukumshangaza yeyote aliyewahi kupima vifaa vidogo vya umeme. Wa pili ulidai maelezo. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2000 ni kwamba mkondo ulikuwa umeitikisa molekuli nzima: mpira wa atomi 60 za kaboni ulikuwa ukicheza juu ya dhahabu, mbele na nyuma, kama kitu kilichofungwa kwenye springi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinarekebisha kosa ambalo wengi wetu hulifanya tunapoeleza jinsi umeme unavyotetemesha molekuli. Tunasema elektroni inapita, inaigonga molekuli, na molekuli inatikisika. Picha hiyo ni rahisi kuielewa, lakini si sahihi. Hesabu fupi nitakayoifanya hapo chini inatosha kuiangusha, na ikishaanguka ndipo kila kipande cha ushahidi kinapopata mahali pake.

Kifaa chenyewe

Kazi ilifanywa na Hongkun Park, Jiwoong Park, Andrew Lim, Erik Anderson, Paul Alivisatos na Paul McEuen, ikachapishwa katika jarida la Nature mwezi Septemba 2000. Molekuli waliyoitumia, C60, ilikuwa imetambuliwa miaka 15 tu kabla ya hapo, na waliowaongoza watambuzi wake, Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley, walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1996. Ni ganda tupu la kaboni lenye umbo la mpira wa miguu, kipenyo chake nanomita 0.7. Masi yake ni vipimo 720 vya atomi, yaani takriban kilogramu 1.2 × 10⁻²⁴. Tuishike namba hiyo, tutaihitaji.

Ugumu wa kwanza ni wa fundi: utakishikaje kitu cha nanomita 0.7 kwa nyaya mbili? Hakuna koleo la namna hiyo. Timu hii ilitengeneza kwanza waya mwembamba wa dhahabu juu ya bamba la silikoni lililofunikwa kwa tabaka la oksidi isiyopitisha umeme. Wakadondoshea juu yake myeyusho hafifu wa C60 katika toluini, kimiminika cha kuyeyushia. Kisha wakapitisha mkondo mkubwa kwenye waya. Mkondo ukiwa mkubwa mno, mafuriko ya elektroni huzisukuma atomi za dhahabu zenyewe, moja baada ya nyingine, hadi waya unakonda mahali fulani na kukatika. Ufa unaobaki ni wa nanomita 1 hivi. Bahati ikiwepo, molekuli moja ya C60 inakuwa imekaa ndani ya ufa huo, imenasa kati ya ncha mbili za dhahabu.

Neno bahati hapa si pambo. Hakuna anayeiweka molekuli mahali pake. Mtafiti anakata nyaya nyingi, anapima zote, na nyingi zinabaki ufa mtupu. Jambo hili lina uzito katika uchambuzi wote wa baadaye, kwa sababu hakuna aliyeiona molekuli kwa macho au kwa hadubini ikiwa imekaa ndani ya ufa. Kuwepo kwake kunajulikana kwa umeme peke yake.

Silikoni iliyo chini ya oksidi ina kazi yake pia. Imechanganywa na chembe za kutosha hata inapitisha umeme, na ikipewa volteji inavuta au kusukuma chaji zilizo kwenye molekuli bila kuigusa. Hilo ndilo lango. Ncha mbili na lango moja: hiyo ni transista, ila sehemu yake inayofanya kazi ni molekuli moja. Kifaa kikapoozwa hadi kelvini 1.5, yaani nyuzi 1.5 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa inayowezekana.

Kuisoma grafu bila kujidanganya

Kwa nini mkondo unakaa karibu na sifuri mwanzoni? Kwa sababu mpira ni mdogo. Kuingiza elektroni moja ya ziada kwenye kitu kidogo kiasi hicho kunagharimu nishati, maana chaji zinasukumana. Volteji isipotosha kulipa gharama hiyo, elektroni inabaki nje. Watafiti hukiita kizuizi cha Coulomb. Katika vifaa hivi gharama ilizidi milielektronivolti 100, kiasi ambacho usingekitarajia kwa kitu kikubwa zaidi, na hiyo ni dalili ya kwanza kwamba kilicho ndani ya ufa ni kidogo sana. (Milielektronivolti, ambayo kuanzia hapa nitaiandika meV, ni nishati ambayo elektroni moja huipata ikivuka volteji ya sehemu moja ya elfu ya volti.)

Volteji ya lango inaweza kuipunguza gharama hiyo hadi kufikia sifuri. Ukichora ramani, volteji ya lango kwenye mhimili mlalo na volteji kati ya ncha mbili kwenye mhimili wima, eneo lisilo na mkondo linaonekana kama pembe mbili zinazokutana nukta moja. Upande mmoja wa nukta mpira una idadi fulani ya elektroni. Upande wa pili unayo moja zaidi. Nje ya pembe hizo elektroni zinapita moja moja: inaingia, inakaa kidogo, inatoka, nyingine inafuata.

Sasa kile kidato cha pili. Ukiweka kwenye ramani mteremko wa mkondo dhidi ya volteji badala ya mkondo wenyewe, kidato kinakuwa mstari, na mstari huo unakwenda sambamba na mpaka wa lile eneo lisilo na mkondo. Mahali unapoukata mpaka wa upande wa pili ndipo unaposoma nishati yake. Hatua hii wengi huiruka. Umbali kati ya miruko miwili kwenye grafu moja ya mkondo na volteji haukupi nishati moja kwa moja, kwa sababu sehemu ya volteji inaangukia kila upande wa molekuli kwa kiasi tofauti. Ni ramani nzima inayoondoa utata huo. Ilipoondolewa, jibu lilikuwa meV 5, na likajirudia karibu lilelile katika kifaa zaidi ya kimoja.

Mambo mawili zaidi yalionekana. Nishati hiyo ilikuwa ileile pande zote mbili za nukta, mpira ukiwa na elektroni ya ziada au bila hiyo. Na katika baadhi ya vifaa hapakuwa na mstari mmoja tu, bali kadhaa, yote ikiachana kwa nafasi sawa.

Ni nini chenye meV 5?

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu, maana ni kazi ya kuondoa washukiwa.

Mshukiwa wa kwanza ni elektroni zenyewe. Huenda elektroni inaingia kwenye ngazi ya juu zaidi ndani ya molekuli. Lakini ngazi za elektroni hubadilika ukibadilisha idadi ya elektroni, na hakuna sababu ya nafasi kati yake kuwa sawasawa. Nishati iliyobaki ileile pande zote mbili, na mistari iliyoachana kwa nafasi sawa, haifanani na tabia hiyo. Nafasi sawa ni alama ya kitu kinachotetemeka: ngazi ya nishati ya mtetemo rahisi ina vidato vyenye urefu mmoja.

Mshukiwa wa pili, basi, ni mtetemo wa ndani ya mpira. C60 ina namna nyingi za kutetemeka. Ya chini kabisa ni ile ambayo mpira unabonyea na kuwa kama yai, kisha unabonyea upande mwingine. Nishati yake ni meV 33 hivi. Ile ya mpira mzima kutanuka na kusinyaa kama unaopumua ni ya juu zaidi, karibu meV 61. Hakuna hata moja iliyo karibu na 5. Mpira wenyewe ni mgumu mno kuweza kutetemeka polepole kiasi hicho.

Dhahabu je? Atomi za dhahabu hutetemeka kwa nishati za eneo hilo, kuanzia sifuri hadi kiasi cha meV 20. Lakini mitetemo ya pande kubwa la dhahabu ni mkusanyiko mpana usiokatika, haina vidato vinavyopishana kwa usawa.

Anabaki mmoja: mpira wote, ukiwa kitu kimoja, unaokwenda na kurudi juu ya uso wa dhahabu. Timu ilikadiria ugumu wa mshiko kati ya C60 na dhahabu kutokana na nguvu za Van der Waals (mvuto hafifu kati ya vitu vinavyokaribiana sana) na za umeme, ikapata takriban nyutoni 70 kwa mita. Hiyo ni springi ya kawaida kabisa. Ukiining'iniza gramu 100, itavutika sentimita 1.4. Tofauti ni kwamba kinachoning'inia hapa hakina gramu 100 bali kilogramu 1.2 × 10⁻²⁴. Gawanya 70 kwa masi hiyo, chukua kipeuo cha pili, utapata radiani 7.6 × 10¹² kwa sekunde, yaani mitetemo trilioni 1.2 kila sekunde. Zidisha idadi hiyo ya mitetemo kwa namba thabiti ya Planck, inayogeuza kasi ya mtetemo kuwa nishati. Unapata meV 5.

Mimi hukiona hiki kuwa kiini cha ushawishi wa kazi hii. Ugumu wa springi haukupatikana kwa kurudi nyuma kutoka kwenye jibu. Ulitokana na yanayojulikana kuhusu kaboni inavyoshikana na dhahabu, na ukaelekeza kwenye namba ileile iliyokuwa kwenye ramani ya umeme.

Elektroni haigongi

Sasa turudi kwenye lile kosa. Tuseme elektroni ni risasi na C60 ni shabaha. Molekuli ina masi zaidi ya mara milioni 1.3 ya elektroni. Kitu chepesi kikigonga kitu kizito ana kwa ana na kurudi nyuma, sehemu ya nishati inayohamia kwa kizito ni kama mara nne ya uwiano wa masi zao. Hapa ni sehemu tatu za milioni. Elektroni yenye meV 100 ingeuachia mpira meV 0.0003. Ili kupanda kidato kimoja zinahitajika 5. Tumepungukiwa kwa zaidi ya mara elfu kumi na sita. Kwa kugonga, mkondo huu usingeutikisa mpira.

Kinachotokea ni kingine. Elektroni inapoingia na kukaa, mpira unakuwa na chaji. Chaji iliyo karibu na metali huivuta metali na kuvutwa nayo, kwa sababu elektroni za dhahabu hujipanga upya na kuacha mbele yake kivuli cha chaji iliyo kinyume. Basi mahali pa kutulia pa mpira panahama, panasogea karibu zaidi na dhahabu kwa pikomita 4 hivi (pikomita ni sehemu moja ya elfu ya nanomita). Mpira wenyewe bado haujasogea. Ni mzito, na kuingia kwa elektroni ni kwa ghafla. Unajikuta mahali palepale, lakini pale palipokuwa sakafu ya bonde sasa ni mteremko. Unaanza kuteleza, unapita chini, unapanda upande wa pili, unarudi. Elektroni ikitoka, bonde linarudi mahali pake pa zamani, na mpira unapata nafasi nyingine ya kuyumba.

Elektroni haikuusukuma mpira. Iliihamisha sehemu yake ya kupumzikia. Nguvu ilitoka kwenye mvuto wa umeme kati ya chaji na dhahabu, na malipo yalitoka kwenye volteji: elektroni inayoacha nyuma mtetemo mmoja lazima iwe imekuja na meV 5 za ziada. Ndiyo maana kuna kidato. Chini ya kiasi hicho njia ya kupita kwa kutetemesha imefungwa. Kikifikiwa, mlango mpya unafunguka na mkondo unaruka.

Picha ya bonde linalohama inahitaji marekebisho ya kikwanta, yaani ya fizikia ya vitu vidogo sana, na marekebisho hayo ndiyo yanayoeleza ukubwa wa miruko. Hata kwenye baridi kali mpira hautulii kabisa. Una ukungu wa mahali, msambao usioweza kuondolewa, ambao kwa masi na ugumu huu ni pikomita 2.4. Linganisha: ukungu 2.4, kuhama 4. Ni vitu vya ukubwa wa aina moja. Kwa hiyo mpira unapohamishiwa bonde lake, hali yake ya zamani bado inafanana kwa kiasi kikubwa na hali tulivu mpya, na kwa kiasi fulani inafanana na hali zenye mtetemo mmoja au miwili. James Franck na Edward Condon walilijenga wazo hili katika miaka ya 1920 kwa ajili ya molekuli zinazomeza mwanga. Hapa linatumika vilevile, isipokuwa badala ya mwanga kuna elektroni inayoruka. Ukilifanyia hesabu kwa namba hizi, uwezekano wa elektroni kuingia bila kuacha mtetemo wowote ni kama nusu. Wa kuacha mmoja ni asilimia 35 hivi. Wa kuacha miwili, asilimia 12. Baada ya hapo unapungua haraka.

Ukiisoma ramani ukiwa na namba hizi kichwani, unaelewa kwa nini mruko wa kwanza ni mkubwa, wa pili mdogo lakini dhahiri, na yanayofuata yanafifia.

Kuhama kungekuwa kidogo sana, tuseme sehemu ya kumi ya pikomita, mitetemo ingekuwepo lakini mkondo usingeionyesha. Kungekuwa kukubwa mara nyingi kuliko ukungu, lingetokea jambo la kushangaza zaidi: hali ya zamani na hali tulivu mpya zisingefanana hata kidogo, na elektroni isingeweza kuingia bila kuleta mitetemo mingi kwa mpigo. Kwenye volteji ndogo mkondo ungezibwa na mtetemo wenyewe. Jens Koch na Felix von Oppen waliandika nadharia ya hali hiyo mwaka 2005, na mwaka 2009 ikaripotiwa kuonekana katika vifaa vya mirija ya kaboni ya nano iliyoning'inizwa. C60 juu ya dhahabu imeangukia katikati, pale ambapo mtetemo unaonekana bila kuziba njia. Hakuna aliyeipanga hivyo.

Baridi nayo ina nafasi yake hapa. Kwa kelvini 1.5 nishati ya joto ni meV 0.13, karibu mara 39 pungufu ya kidato kimoja. Kabla elektroni haijaingia, mpira hauna mtetemo wowote wa kuazima kutoka kwenye joto, na kila mtetemo unaoonekana umeletwa na mkondo. Kwenye joto la kawaida la chumba, mpira huohuo ungekuwa na wastani wa vidato karibu vitano tayari, na mistari yote ya ramani ingeyeyuka kuwa doa moja.

Mashaka yanayostahili kusikilizwa

Je, palikuwa na molekuli kweli ndani ya ufa? Swali hili lilipata nguvu zaidi miaka iliyofuata. Watafiti wengine walionyesha kwamba kukata waya wa dhahabu kwa mkondo kunaweza kuacha punje ndogo za dhahabu ndani ya ufa, na punje hizo nazo huonyesha kizuizi cha Coulomb, wakati mwingine kwa sura inayoweza kumdanganya mpimaji. Kwa hiyo kizuizi peke yake si kitambulisho cha molekuli. Naona hoja hiyo ni nzito. Lakini punje ya dhahabu haina sababu ya kurudia meV 5 kwa nafasi sawa kutoka kifaa hadi kifaa, wakati mpira wenye masi moja juu ya metali moja unayo.

Njia safi ya kumaliza ubishi ni kubadilisha masi ya atomi bila kubadilisha kemia. Ndivyo ilivyofanyika mwaka 1998, Barry Stipe, Mohammad Rezaei na Wilson Ho walipotumia hadubini ya sindano, inayopitisha mkondo kutoka kwenye ncha kali hadi kwenye kitu kilicho chini yake, juu ya molekuli moja ya asetilini iliyolala kwenye shaba. Mnyooko wa kaboni na hidrojeni ulionekana kwenye milivolti 358. Hidrojeni ilipobadilishwa na deuteri, ambayo ni nzito maradufu, dalili ikashuka hadi 266. Hapo hakuna cha kubishania. Huko Leiden, Roel Smit na Jan van Ruitenbeek pamoja na wenzao walifanya vivyo hivyo mwaka 2002 kwa molekuli ya hidrojeni iliyonaswa kati ya ncha mbili za platini: dalili ilikuwa karibu na meV 63, na ilihama kwa kiasi kilichotarajiwa walipotumia deuteri.

(Kisa cha hidrojeni kina tofauti moja isiyofaa kufichwa. Pale elektroni haikai kwenye molekuli. Inapita moja kwa moja, na upitishaji uko karibu kabisa na kiwango cha juu cha njia moja. Kwa hiyo mtetemo ukianza, mkondo haupati mlango mpya, bali upitishaji unapungua kidogo, maana elektroni iliyoacha nishati yake inarudishwa nyuma. Mtetemo mmoja unaweza kuongeza au kupunguza upitishaji kulingana na jinsi molekuli ilivyoshikwa.)

Kwa nini C60 haikupimwa kwa njia hiyo ya masi? Fanya hesabu. Ukitumia kaboni-13 tupu, yaani kaboni ya atomi nzito kidogo kuliko za kawaida, masi inapanda kutoka 720 hadi 780. Mtetemo unashuka kwa kipeuo cha pili cha uwiano huo: kutoka meV 5 hadi 4.8. Tofauti ni 0.2. Lakini hata kwenye kelvini 1.5, joto la elektroni za dhahabu hutia ukungu wa meV 0.4 au zaidi kwenye kila mstari, na mpira haukai kwa namna ileile kabisa katika kila ufa. Kipimo ambacho kingemaliza ubishi kingezama ndani ya ukungu wake chenyewe. Sioni hilo kama uzembe wa timu. Ni mpaka wa kisa chenyewe. Hidrojeni ni nyepesi, deuteri inaiongezea masi maradufu, kwa hiyo kuhama kunaonekana wazi. Kaboni haitoi fursa hiyo.

Kilichokuja kusaidia ni molekuli nyingine. Mwaka 2005 Abhay Pasupathy na wenzake, akiwemo McEuen, walitumia C140: mipira miwili ya C70 iliyounganishwa kwa mshiko wa kikemia, kama dambeli. Hapa springi si mshiko kati ya mpira na dhahabu, usiojulikana sawasawa, bali ni mshiko wa ndani wa molekuli yenyewe, ambao nadharia inaweza kuukokotoa bila kujua dhahabu imekaa vipi. Mtetemo wa mipira miwili kuvutana na kuachana una meV 11, na hapo ndipo dalili ilipoonekana. Kwangu, kazi hiyo ndiyo iliyokifanya kisa cha 2000 kisimame wima: mtetemo uliochaguliwa mapema kwa sababu ya umbo la molekuli, ukapatikana kwenye mkondo.

Mpira unapata muda wa kutulia?

Swali hili linaonekana la pembeni, lakini yeyote anayetaka kutengeneza kifaa cha molekuli kitakachodumu atalazimika kulijibu. Chukua mkondo wa nanoampea 0.1. Hizo ni elektroni milioni 620 kwa sekunde, moja kila nanosekunde 1.6. Mpira unakwenda na kurudi mara moja kila pikosekunde 0.83. Kwa hiyo kati ya elektroni moja na inayofuata mpira una nafasi ya kuyumba karibu mara 1,900. Ni muda mrefu sana kwa kipimo chake. Mtetemo ulioachwa una nafasi ya kuvuja kwenda kwenye dhahabu kabla elektroni nyingine haijafika, na ndiyo maana hesabu niliyoifanya juu, inayochukulia kwamba mpira umetulia kila mara, inafaa.

Ongeza mkondo mara elfu, nafasi hiyo inabaki mizunguko miwili hivi. Hapo elektroni inaikuta molekuli bado inacheza, inaongeza kidato juu ya kidato, na maneno "joto la molekuli" yanaanza kuwa na maana tofauti na joto la dhahabu inayoizunguka. Tangu mwaka 2008 tofauti hiyo imekuwa ikipimwa kwa mwanga wa leza unaotawanywa na molekuli iliyo ndani ya ufa: ukilinganisha mwanga uliopoteza nishati na ule uliopata, unajua molekuli ina mitetemo mingi kiasi gani. Na katika majaribio ya hadubini ya sindano, mkondo ulipokuzwa vya kutosha kupitia C60 moja, mpira ulivunjika.

Jambo la kuangalia hapo ni mtetemo upi unaohusika. Ule wa meV 5 si adui mkubwa. Uko ndani ya mawanda ya mitetemo ya dhahabu, kwa hiyo unaweza kuikabidhi dhahabu nishati yake kidato kwa kidato. Mitetemo ya ndani ya mpira, kuanzia meV 33 kwenda juu, iko juu ya kikomo cha dhahabu. Hakuna mtetemo mmoja wa dhahabu unaoweza kupokea mzigo huo wote kwa mara moja. Lazima ugawanywe kati ya kadhaa, au urudishwe kwa elektroni zinazopita, na njia hizo zinategemea zaidi jinsi molekuli ilivyoshikana na metali. Volteji ikipita hapo, nishati inaanza kurundikana ndani ya mishiko ya kaboni na kaboni, ileile inayoufanya mpira uwe mpira.